Waacheni Vijana Wale Chipsi

Mji huu umepata wahubiri wa aina mpya. Hawashiki kitabu kitakatifu wala hawasimami kituo cha daladala na spika mbovu. Wana kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, ubao mweupe na kalamu nyekundu, na ujumbe wao ni mmoja: kijana, uzee wako utakuwa mbaya kwa sababu unakula hovyo. Umenunua chipsi mayai. Umepanda bodaboda wakati miguu unayo. Umeweka bando la wiki nzima. Kila elfu tatu uliyoitafuna leo, wanasema, ni tofali umeling'oa kwenye nyumba yako ya uzeeni.

Muhula uliopita mmoja wao alialikwa chuoni kwetu. Ukumbi ulijaa. Akaanza kwa kuuliza: "Nani leo amekunywa soda?" Mikono ikapanda, mingi. Akatunyooshea kalamu: "Hao ndio maskini wa mwaka 2060." Watu wakacheka. Dada aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, mwalimu aliyekuja kusoma shahada ya uzamili kwa ruhusa ya mwajiri wake, hakucheka. Tulipotoka nje aliniambia: "Mama yangu sijawahi kumwona akijinunulia soda. Amefundisha miaka thelathini na kitu, amestaafu. Nenda kamuulize hiyo soda ambayo hakunywa imemsaidia nini."

Sina ugomvi na kuweka akiba. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa mahubiri haya. Uzee wa kijana wa Kitanzania unaamuliwa na mambo matatu makubwa kabla mtu hajafika kwenye sahani yake: mkataba anaofanyia kazi, kanuni ya mafao ambayo wengine wanaiandika, na wazee wanaomtegemea sasa hivi. Mhubiri anayeyaruka yote matatu akaenda moja kwa moja kwenye chipsi anatupotezea muda. Tena anawafichia siri wale wanaotupotezea pesa.

Tuanze na karatasi ya mshahara, maana huko ndiko kijana anakoambiwa akatafute akiba. Chukua mhitimu aliyebahatika kupata kazi ya shilingi 800,000 kwa mwezi kwenye kampuni binafsi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inachukua 60,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, na wengi wetu tulisoma hivyo, asilimia 15 ya mshahara inakwenda kulipa deni: 120,000. Mkononi zinabaki 540,000. Chumba cha pembezoni mwa jiji tukiweke 120,000, na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo. Nauli 60,000. Nyumbani kijijini 100,000. Zimebaki 260,000, ambazo ni kama 8,600 kwa siku kwa chakula, maji, umeme, nguo, simu, homa, na michango ya harusi za watu waliokuchangia au watakaokuchangia.

Hapo ndipo mhubiri anaingia na kusema: tenga asilimia 20. Asilimia 20 ya 540,000 ni 108,000. Ukizitoa unabaki na 5,000 kwa siku. Kuna wanaoweza, na ninawaheshimu. Lakini kumwita mvivu wa fikra yule asiyeweza ni matusi ambayo hayana hesabu nyuma yake. Na huyo bado ni mwenye bahati, mwenye mshahara na karatasi inayouthibitisha.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wahubiri wetu hawaligusi kabisa, ingawa mitaani neno lake linajulikana kuliko majina ya mawaziri: kikokotoo.

Mwaka 2018 serikali iliunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Ikaja na kanuni mpya ya kukokotoa mafao. Wafanyakazi walipoona mkupuo wao utakuwa asilimia 25 tu walipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kanuni ya zamani iendelee kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaanza kanuni nyingine, mkupuo ukawa asilimia 33. Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo zamani wakapandishiwa hadi asilimia 40, na wale wa asilimia 25 hadi 35. Hizo ni kanuni nne ndani ya miaka sita.

Tuziweke kwenye maisha ya mtu. Mwalimu amefanya kazi miaka 30, sawa na miezi 360. Wastani wa mshahara wake wa miaka bora ni milioni 1.2 kwa mwezi, milioni 14.4 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake inagawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka: milioni 9.6. Nusu ya hizo inazidishwa kwa 15.5 na kutolewa kwa mkupuo, milioni 74.4. Nusu ya pili analipwa mwezi kwa mwezi, 400,000. Kwa kanuni ya Julai 2022, miezi inagawanywa kwa 580, mkupuo ni asilimia 33, kizidisho ni 12.5. Mwalimu yule yule, chaki ile ile, anapata mkupuo wa karibu milioni 36.9 na pensheni ya mwezi ya takribani 499,000.

Mkupuo umepungua kwa milioni 37.5. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 99,000. Ili nyongeza hiyo ya mwezi irudishe kilichopungua kwenye mkupuo, mwalimu aliyestaafu na miaka 60 inabidi aishi hadi apite 91. Hata kwa asilimia 40 za mwaka 2024 mkupuo wake ni kama milioni 44.7, bado chini ya ule wa zamani kwa karibu milioni 30.

Sasa gawanya zile milioni 37.5 kwa siku zote za miaka 30. Unapata kama shilingi 3,400 kwa siku. Ni sahani ya chipsi mayai, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka 30. Mwalimu aliyekubali mahubiri, akajinyima sahani hiyo tangu siku ya kwanza kazini hadi siku ya kuagwa, na kuziweka zile hela kwenye kibubu, angekuwa amefidia tu kile ambacho kanuni moja ilimpunguzia kwa siku moja, bila yeye kuulizwa.

Nitatenda haki kwa upande wa pili. Serikali ilisema wanachama wengi waliokuwa kwenye kundi la asilimia 25 walinufaika na mabadiliko ya 2022, na ni kweli kwamba 33 ni zaidi ya 25. Ni kweli pia kwamba mfuko unaotoa zaidi ya unachoingiza utakufa, na ukifa hakuna atakayepata mkupuo wala pensheni. Lakini tukishakubali hayo, tuulize mfuko ulidhoofika vipi. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa serikali hawakuwa wakichangia. Serikali iliahidi kuwalipa yenyewe. PSPF ilipoanza ikabebeshwa wazee hao wote, na deni la serikali kwa mfuko likakua mwaka hadi mwaka mpaka 2021, ilipotolewa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Kwa hiyo mwajiri mkubwa kuliko wote nchini alichelewa kulipa, na aliyepunguziwa mkupuo ni mwalimu. Sijawahi kusikia semina ambayo mhubiri alimnyooshea kalamu nyekundu mwajiri huyo.

Waajiri wadogo nao wamejifunza. Kuna njia mbili za kumla kijana pensheni yake, na kizazi chetu kinazifahamu zote.

Ya kwanza ni kumwajiri bila kumwita mwajiriwa. Utaitwa mtu wa kujitolea, mtarajali, mshauri, mtoa huduma, mwanafamilia wetu. Utaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa moja usiku, lakini utakacholipwa kitaitwa posho. Posho haina mchango. Kama ungelipwa 600,000 kwa mkataba wa kweli, mwajiri angepaswa kuongeza 60,000 zake juu ya 60,000 zako, kila mwezi, kwenye mfuko. Ukiitwa mtu wa kujitolea, hizo 60,000 zinabaki kwake. Na hasara haiishii hapo. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia si chini ya miezi 180. Miaka mitatu ya kujitolea ni miezi 36, sehemu ya tano ya safari nzima, na kwenye kumbukumbu za mfuko ni kama hukuwahi kuamka asubuhi hata moja.

Ya pili ni kukukata na kutopeleka. Hii naijua kwa jina langu. Kabla ya kurudi chuoni nilifanya kazi miaka miwili kwenye kampuni moja hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato ya asilimia 10, yamepangwa vizuri, yana hadi nukta za senti. Nilipoomba taarifa ya michango yangu kwenye mfuko, kati ya miezi 24 niliikuta 7. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika, na akichelewa atozwe adhabu. Nilimfuata dada wa rasilimali watu nikiwa na karatasi zangu mkononi. Hakukasirika. Alinionea huruma.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe bado kijana. Hela ya pensheni utaila lini?"

Nikamjibu, "Dada, kwani kampuni imeila lini?"

Aliniahidi kwamba watalipa mambo yakikaa sawa. Yalikaa sawa kiasi cha kununua gari jipya la mkurugenzi. Michango yangu 17 bado iko njiani. Nilipeleka malalamiko kwenye mfuko, na ninafuatilia. Nilichojifunza kwenye foleni ile ni kwamba sikuwa peke yangu. Nyuma yangu alikuwa mlinzi, mbele yangu dereva wa lori, wote wana karatasi zenye makato na taarifa zenye mapengo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikishwa pale na soda.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi kulisema, kwa sababu linagusa watu tunaowapenda.

Baba yangu ni seremala, Muheza. Ana miaka 64. Amefanya kazi tangu kabla sijazaliwa. Vitanda vyake vinalaza nusu ya mtaa, na msikiti una mlango wake. Hakuwahi kuwa na mwajiri, kwa hiyo hakuwahi kuwa na mfuko. Akiba aliweka kama watu wa rika lake walivyoweka: mbuzi, mbao, kiwanja kimoja kando ya barabara ya kwenda Amani. Mbuzi waliondoka kwenye ada. Kiwanja kiliondoka mwaka mmoja dada yangu alipolazwa. Sasa goti linamsumbua, randa anaishika kwa saa mbili kisha anakaa. Majirani wakimuuliza mzee utastaafu lini, anawajibu kwa kujidai kabisa: "Pensheni yangu inasoma Dar."

Pensheni hiyo ni mimi. Kila mwezi natuma 70,000 kutoka kwenye posho ya usaidizi wa utafiti, na ada ya muamala juu. Situmi kwa kinyongo. Lakini mhubiri akiniuliza akiba yangu iko wapi, nina jibu: mimi ndiye akiba. Ile asilimia 20 anayoniambia nitenge inatengwa tayari, inakwenda Muheza, inanunua dawa ya goti na unga. Wachumi wa semina wana jina la dharau kwa hali hii. Wanaiita kodi ya weusi, kana kwamba baba ni mamlaka ya mapato. Kwetu inaitwa kutunza mzazi, na ndiyo hifadhi ya jamii ambayo Watanzania wengi wamewahi kuijua. Wakulima, wavuvi, mama lishe na mafundi ndio wengi wa nchi hii, na uzee wao umebebwa na watoto kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea kuubeba.

Hesabu yake iko wazi. Kijana anayelipia uzee wa baba hawezi wakati huo huo kulipia wa kwake kikamilifu. Akifika 60 bila akiba, mtoto wake atampokea mzigo, na mtoto naye ataambiwa na mhubiri wa mwaka 2060 kwamba tatizo lake ni vitafunwa. Mnyororo huo haukatwi na nidhamu ya mtu mmoja. Unakatwa pale mzee anapopata kipato ambacho hakitoki mfukoni mwa mwanawe.

Na jambo hilo linawezekana, limefanyika karibu sana. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000. Hawamuulizi alichangia mfuko gani. Mvuvi, mkulima wa mwani na karani mstaafu wanapanga foleni moja. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Viwango ni vidogo, na malipo ya Kenya yamewahi kuchelewa hadi wazee wakalalamika. Hata hivyo, 50,000 za baba zingebadilisha kabisa maana ya 70,000 zangu: sehemu kubwa ingeweza kubaki Dar kwa jina langu. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Nilikuwa mtoto mdogo ilipoandikwa. Pensheni ya kila mzee bado hatuna.

Utaniuliza: basi tusiweke akiba? Wekeni. Nina vipande kwenye mfuko wa Umoja wa UTT, nanunua kidogo kidogo posho ikitoka. Atakayefikisha milioni moja anaweza kununua hati fungani ya serikali, zipo hadi za miaka 25. Lakini tuambizane ukweli kuhusu hela inayolala. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, shilingi 100,000 utakayoificha leo kwenye kibubu au kwenye simu, baada ya miaka 35 itanunua kile ambacho 18,000 inanunua sasa. Ndiyo maana mahubiri ya kujinyima, bila maelezo ya hela iende wapi na inalindwa na nani, hayana faida hata kwa yule anayeyatii.

Wanaowatetea wahubiri husema: angalau wanafundisha kile ambacho kijana anaweza kukitawala. Kanuni hawezi kuzitawala, chipsi anaweza. Hoja hii inaonekana ya busara, na mimi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kikokotoo cha 2018 kilisimamishwa na kelele za wafanyakazi. Asilimia 33 zilipanda hadi 40 kwa sababu walimu, manesi na wabunge hawakunyamaza kwa miaka miwili. Hao hawakuwa na mamlaka. Walikuwa na hesabu zao mkononi na walizisoma kwa sauti. Kumwambia kijana kwamba eneo lake ni sahani yake tu ni kumtoa kwenye ukumbi ambako uzee wake unapangwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu soda, fanya haya. Omba taarifa ya michango yako wiki hii, uilinganishe na karatasi zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Pengo likionekana, lalamika kwa maandishi na utunze nakala. Kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, uliza mchango wa hifadhi ya jamii unaanza lini, na uangalie uso wa anayejibu. Ukiitwa mtu wa kujitolea kwa mwezi wa saba, uliza ni nani anayejitolea kwako. Jiunge na chama cha wafanyakazi hata kama mikutano yake inachosha. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize baba yako seremala atapata nini akifika 70, na usikubali jibu linaloanza na neno "mchakato".

Na mhubiri akirudi chuoni kwetu, nitakaa kiti cha mbele. Akiuliza nani amekunywa soda, nitanyoosha mkono. Kisha nitamuomba kalamu nyekundu, niandike ubaoni namba tatu: 7 kati ya 24, 580, na 2003. Tuanzie hapo. Tukizimaliza hizo, nitamsikiliza kuhusu chipsi.